Tundu la Ngumi

Wa kwanza kuchukuliwa alikuwa Deni,
kuku niliyemkopa kwa Mama Kyakimwa
na nilikuwa sijalipa hata nusu.
Asubuhi nikakuta manyoya,
kichwa hakuna,
mwili umeegemea wavu
kama nguo iliyoanguka kambani.

Jirani mmoja akasema paka.
Mwingine akasema watu, njaa hii.
Nzanzu wangu, miaka tisa, akachuchumaa
akanionyesha kwenye majivu ya makala
nyayo ndogo za duara, zinakwenda, zinarudi,
kama za mtu aliyesahau kitu.
"Ni kanu, mama. Ana mkia wa pete.
Namwonaga ukutani umeme ukikatika."
Yaani karibu kila usiku.

Nikajifunza kazi ambayo sikuiomba.
Wavu wa kuku humzuia kuku;
mwizi wake huingiza mkono, huvuta shingo,
mengine huyaacha kwako uyaeleze.
Fundi Sivihwa akaja na mbao za mkaratusi,
akala sambaza zangu, akapigilia, akajisifu:
"Sasa hata moshi haupiti."
Moshi haukupita.
Kanu alipita chini.

Basi nikaanza kupima kila tundu kwa ngumi ya Nzanzu.
Ngumi ikipita, kichwa kinapita.
Kichwa kikipita, hesabu imekwisha.
Majengo hatununui mawe:
mlima ulituletea hadi mlangoni bila kuulizwa,
meusi, yenye vitundu kama mkate,
yanayokula ngozi ya vidole.
Nikayashindilia kuzunguka banda lote.
Mlangoni nikatia komeo, juu ya komeo waya,
juu ya waya kufuli la duka langu la zamani,
ufunguo nikauvaa shingoni
pale pale pa msalaba.

Saa kumi na mbili jioni nahesabu kwa sauti:
Minervali, anayelipa shule kwa mayai.
Kipara.
Mjane.
Yule mwekundu asiyependa kuitwa.
Na Kapita, jogoo, huingia wa mwisho
kana kwamba ndiye aliyejenga.

Miezi mitatu nikasikia kucha juu ya bati.
Zinasimama. Zinafikiri. Zinaondoka.
Nililala vizuri, nakiri,
kuliko nilivyolala kwa ajili ya watu.

Kisha usiku ule wa Mei
anga likawa jekundu upande wa Buhene,
njia yote ikajaa magodoro juu ya vichwa.
Nilishamshika Nzanzu mkono, nilishafika getini,
ufunguo ukanigonga kifuani.
Nikarudi.
Kufuli. Waya. Komeo.
"Tokeni!"
Hakuna aliyetoka. Kuku gizani ni jiwe lenye joto.
Nikawarusha nje mmoja mmoja
kama mtu anayemwaga maji,
tukaenda Sake kwa miguu,
mimi na mtoto, na ufunguo wa mlango ulio wazi.

Siku ya nane tulirudi.
Moto ulikuwa umesimama mtaa wa pili.
Minervali juu ya bati, amechafuka, mzima.
Kipara ndani ya sufuria yangu, kwa hiari yake.
Mwekundu alikuja hata bila kuitwa.
Kapita alikuwa kwa jirani, anaamrisha kuku wa wengine.
Mjane hatukumwona tena.

Na bandani, kwenye nyasi za kutagia,
nikakuta alama ya kitu kilicholala
kimejikunja duara, usiku si mmoja,
na unywele mmoja wa rangi ya majivu.
Pembeni yai, halijaguswa.
Nilisimama pale muda mrefu, nyasi mkononi.
Sikujua nimkasirikie nani.

Halafu nikafunga. Komeo, waya, kufuli.
Sijui huruma ya kanu inadumu siku ngapi.

Mwaka huu mvua imesogeza mawe tena.
Nikamwita Nzanzu alete ngumi.
Imekua. Haipiti popote.
Nimeazima ya mjukuu wa Mama Kyakimwa,
ambaye bado ninamdai subira
kwa ajili ya Deni.